Swali la ufahamu na kifungu chake visitenganishwe: fahamu benki ya maswali inavyofanya kazi

Wiki chache zilizopita, tukiwa hewani, baba mmoja wa Biharamulo alitupigia simu akiwa na hasira. Mwanawe anasoma darasa la saba. Alikuwa amerudi nyumbani na karatasi ya mtihani wa ujirani mwema, ule ambao shule kadhaa za jirani hutunga na kufanya pamoja. Kwenye swali moja mtoto aliandika 800,000 na akawekewa alama ya kosa. Baba alichukua kalamu, akakokotoa mara tatu, na kila mara akapata 800,000.

Tumebadilisha maneno kidogo ili shule isitambulike, lakini hesabu ni ileile. Kifungu kilisema hivi:

"Mkulima mmoja alivuna magunia 6 ya maharage. Alibakiza magunia 2 kwa ajili ya chakula na mbegu. Yaliyobaki aliyauza mnadani kwa shilingi 200,000 kila gunia."

Swali likauliza: "Mkulima huyo alipata shilingi ngapi?"

Magunia 4 mara 200,000 ni 800,000. Lakini mwongozo wa usahihishaji ulisema 720,000.

Baba alikwenda shuleni. Mwalimu wa taaluma hakubishana naye, alifungua kompyuta wakaangalia pamoja. Kumbe kifungu kile kilitumika pia mwaka uliotangulia, na wakati huo bei ya gunia ilikuwa 180,000. Mtu fulani alipandisha bei kwenye kifungu ili iendane na soko la mwaka huu. Jibu lilikuwa limehifadhiwa kwenye faili jingine, na hakuna aliyekumbuka kuligusa. Wanafunzi waliokokotoa vizuri walikoseshwa. Wachache waliopewa alama walikuwa wamepitia karatasi za zamani za kaka na dada zao, wakakariri jibu.

Alama zilirekebishwa. Lakini baba yule alitaka kujua jambo moja: "Hivi kompyuta nayo inakosea hesabu?"

Kompyuta haikukosea hesabu. Kilichokosewa ni namna ya kutunza maswali. Tumeona tulieleze jambo hili kwa maandishi, kwa sababu shule nyingi za Ngara na Biharamulo sasa zinatunga mitihani kwa kompyuta au simu, na michango ya karatasi hizo inatoka mfukoni mwa mzazi.

MASWALI YENYE MZAZI MMOJA

Kuna maswali yanayojitegemea. "Mji mkuu wa Tanzania ni upi?" Swali hilo unaweza kulitoa kwenye mtihani huu ukaliweka kwenye mwingine, na bado lina maana.

Kuna maswali mengine hayajitegemei. Kila aliyemaliza darasa la saba anakumbuka maelekezo haya kwenye mtihani wa Kiswahili: soma kifungu cha habari, kisha jibu maswali yanayofuata. Kwenye ushairi ni hivyohivyo, shairi moja na maswali kadhaa chini yake. Wanafunzi wa kidato cha nne wanakutana na jambo hilo kwenye Jiografia, pale wanapopewa ramani na kuulizwa maswali kadhaa kuhusu ramani hiyo hiyo. Hata kwenye Hisabati, grafu moja inaweza kuzaa maswali matatu.

Maswali ya namna hii ni kama watoto wa mzazi mmoja. Ukilichukua swali la mkulima wetu peke yake, "Mkulima huyo alipata shilingi ngapi?", hakuna binadamu anayeweza kulijibu. Mkulima yupi? Aliuza nini? Kwa bei gani? Majibu yote yako kwenye kifungu.

Jambo hili linawahusu hata wasiojua kompyuta. Baadhi yenu mnakumbuka vijana wa kujitolea wa Uwezo, waliopita nyumba kwa nyumba nchini kuanzia mwaka 2010 wakiwapima watoto wa miaka 7 hadi 16. Mtoto alipewa asome maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, halafu akaulizwa maswali juu ya hadithi hiyo. Walibeba seti zaidi ya moja, ili mtoto wa pili nyumbani asirudie alichosikia kwa mwenzake. Seti ilipobadilishwa, hadithi ilibadilika pamoja na maswali yake. Kanuni ya makala hii yote ndiyo hiyo: kifungu na maswali yake husafiri pamoja.

BENKI YA MASWALI NI NINI?

Zamani mwalimu alitunga mtihani mpya kila mara, au alihifadhi karatasi za zamani kabatini. Benki ya maswali ni kabati hilo likiwa ndani ya kompyuta. Kila swali huhifadhiwa pamoja na jibu lake, somo, darasa, mada, na tarehe lilipotumika mara ya mwisho. Mwalimu akitaka mtihani wa maswali 40, anachagua kutoka kwenye benki, au anaiagiza programu imchagulie.

Faida yake ni kubwa. Kutunga swali zuri ni kazi ya muda mrefu, na hakuna sababu ya kulitupa baada ya kulitumia mara moja. Programu mojawapo inayofahamika ni Moodle, ambayo toleo lake la kwanza rasmi lilitoka mwaka 2002. Ni ya bure, na inaweza kuwekwa kwenye kompyuta ya shule ikafanya kazi bila intaneti. Hapa nchini inatumika kwenye vyuo, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania.

Tatizo huanza pale benki inapohifadhi kila swali kama kitu cha pekee, bila kujua kwamba maswali matano yanategemea kifungu kimoja. Hapo mambo manne huharibika.

La kwanza ni swali yatima. Programu inachagua maswali kwa kubahatisha, inachukua swali la tatu la kifungu fulani na kukiacha kifungu chenyewe. Mtoto anakutana na "Kwa nini mkulima hakuuza yote?" na hajui mkulima huyo ni nani.

La pili ni nakala nyingi. Ili kukwepa uyatima, mwalimu ananakili kifungu kizima ndani ya kila swali. Sasa kifungu kimoja kipo mara tano. Akirekebisha kosa la tahajia kwenye nakala moja, nne zinabaki na kosa. Na mtihani ukichapwa, kifungu kinajirudia kurasa tatu, wino na karatasi vinaisha.

La tatu ni kuvurugika kwa mpangilio. Programu nyingi zina uwezo wa kuchanganya maswali ili wanafunzi wanaokaa pamoja wasiangaliziane. Likichanganywa kila swali peke yake, swali moja la kifungu linakuwa namba 4, jingine namba 19, jingine namba 33. Mtoto anapoteza muda akirudi nyuma kutafuta kifungu.

La nne ndilo lililompata mtoto wa Biharamulo: kifungu kinabadilishwa, majibu yanabaki ya zamani. Hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halionekani kwa macho. Karatasi inapendeza, swali linaeleweka, na mwanafunzi anayejua ndiye anayeadhibiwa.

Mashine ya kusahihisha nayo haiwezi kuligundua. Tangu mwaka 2012 majibu ya kuchagua ya mtihani wa darasa la saba yamekuwa yakiandikwa kwenye fomu maalumu zinazosomwa na mashine. Mashine ya namna hiyo, popote inapotumika, inalinganisha kivuli cha penseli na orodha ya majibu iliyopewa. Haisomi kifungu. Ikipewa orodha yenye kosa, itawakosesha wanafunzi wote kwa haraka na bila huruma.

DAWA YAKE: KUNDI

Wanaotengeneza programu za mitihani walishaliona tatizo hili. Dawa yao ni kuhifadhi maswali kwa makundi.

Kifungu kinahifadhiwa mara moja tu, mahali pamoja. Maswali yote yanayokitegemea yanafungwa nacho, kama ndizi kwenye mkungu wake. Mwalimu akichagua, anachagua mkungu. Unaweza kukata ndizi tatu kati ya tano ukipenda, lakini hakuna ndizi inayotoka bila kujulikana mkungu wake.

Mambo yale manne yanatatuliwa hivi. Swali haliwezi kuwa yatima, kwa sababu likichaguliwa linakuja na kifungu chake. Nakala hazizidi moja, kwa hiyo ukirekebisha kifungu umerekebisha kila mahali. Wakati wa kuchanganya, programu inachanganya makundi kwa makundi: darasa moja linaanza na kundi la mkulima, jingine na kundi la shairi, lakini ndani ya kundi kifungu kinabaki juu na maswali yake chini. Na kifungu kikiguswa, mwalimu anaona papo hapo orodha ya maswali yanayokitegemea, hivyo anajua ni majibu gani ya kukagua upya.

Kuna jambo la ziada kuhusu kurekebisha. Benki nzuri haifuti kilichokuwepo. Inahifadhi toleo la zamani na toleo jipya, ili mtihani wa mwaka jana ubaki na bei ya 180,000 na jibu la 720,000, na wa mwaka huu uwe na 200,000 na 800,000. Moodle ilianza kutunza matoleo ya maswali kwa namna hiyo kwenye toleo lake la 4.0, mwaka 2022.

KUNDI NALO LINA HATARI ZAKE

Tusije tukawaambia kwamba makundi yanamaliza kila tatizo. Yapo mambo ya kuangalia.

Maswali ya kundi moja huanguka pamoja. Chukua mtoto wa Rulenge aliyekulia akizungumza Kihangaza, mpe kifungu kirefu kuhusu ngalawa, nanga na maji kupwa, halafu muulize maswali kumi. Akikwama kwenye maneno matatu ya mwanzo, anaweza kupoteza alama zote kumi. Ukiangalia matokeo utadhani hajui Kiswahili, kumbe hajawahi kuiona bahari. Wataalamu wa upimaji wamelizungumzia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1987 Wamarekani wawili, Howard Wainer na Gerard Kiely, waliandika kwamba kundi la maswali yenye chanzo kimoja litazamwe kama mtihani mdogo ndani ya mtihani mkubwa, badala ya kuhesabu kila swali kana kwamba limesimama peke yake.

Kwa mwalimu wetu maana yake ni nyepesi: vifungu viwili vifupi vyenye maswali manne kila kimoja ni vya haki zaidi kuliko kifungu kimoja kirefu chenye maswali manane. Mtoto akikwama kwenye kimoja, ana nafasi kwenye cha pili.

Hatari nyingine ni maswali yanayojengana. Kama swali la kwanza linauliza "Mkulima aliuza magunia mangapi?" na la pili "Alipata shilingi ngapi?", mtoto aliyekosea la kwanza karibu lazima akosee la pili. Amekosea mara moja, ameadhibiwa mara mbili. Pia angalia swali moja lisitoe jibu la jingine. Ukiuliza "Kwa nini mkulima aliuza magunia 4?", tayari umejibu swali la kwanza.

Hatari ya tatu ni kuvuja. Mwanafunzi akishakisoma kifungu, hata ukimtungia maswali mapya juu yake, tayari ana nafuu kuliko mwenzake. Kwa hiyo kundi linapumzishwa lote kwa pamoja. Kubadilisha maswali mawili na kubakiza kifungu kilekile hakutoshi. Ndiyo maana tarehe ya matumizi iandikwe kwenye kundi zima.

KWA MWALIMU MWENYE KOMPYUTA AU SIMU

Moodle kwa kawaida haikufungii kifungu na maswali yake, ni wewe unayefunga. Ipo njia ya kuweka kifungu kama maelezo yasiyo na alama, kisha maswali yake yakafuata kwenye ukurasa huohuo, na sehemu hiyo ukaizuia isichanganywe. Ipo pia njia ya kuandika kifungu na maswali yake yote ndani ya swali moja lenye nafasi nyingi za kujibu. Hiyo ya pili inafaa ukitaka programu ichague kwa kubahatisha, maana kila kitu kinakuja kwa pamoja.

Ukitumia fomu za Google, tengeneza sehemu mpya kwa kila kifungu. Kifungu kiandike kwenye maelezo ya sehemu hiyo, na maswali yake yawe ndani ya sehemu hiyohiyo. Kabla ya kuwatumia wanafunzi, ijaribu mwenyewe kwenye simu. Skrini ya simu ni ndogo, na mtoto anayelazimika kupandisha na kushusha mara ishirini ili asome tena kifungu anapimwa vidole kuliko akili.

Na kama shule au kata inafikiria kununua programu ya mitihani, ulizeni maswali mawili kabla ya kulipa. Je, inaweza kuhifadhi kifungu kimoja kwa maswali mengi? Na je, maswali yetu yanaweza kutolewa na kupelekwa kwenye programu nyingine? Kuna kanuni za kimataifa ziitwazo QTI zinazoeleza namna ya kuhamisha maswali, na zina utaratibu wa vifungu vinavyotumiwa na maswali kadhaa. Programu isiyoruhusu kuhamisha itawafunga: siku mkiiacha, mnaacha na kazi ya miaka.

KWA MWALIMU ASIYE NA KOMPYUTA

Kanuni hii ni ya zamani kuliko kompyuta, na bahasha inatosha.

Chukua bahasha moja kwa kila kifungu. Ndani weka karatasi ya kifungu, karatasi ya maswali, na karatasi ya majibu. Juu ya bahasha andika namba ya kundi, darasa, mada, na kila tarehe uliyoitumia. Maswali yape namba zinazotaja kundi: kundi la 7 liwe na 7/1, 7/2, 7/3. Ukiona swali 7/3 limezagaa mezani, unajua linarudi wapi.

Sheria ya bahasha ni moja: anayebadilisha neno lolote kwenye kifungu hairudishi bahasha kabatini mpaka ajibu maswali yote upya kwa mkono wake mwenyewe na kuandika tarehe kwenye karatasi ya majibu. Ni kazi ya dakika kumi. Ingefanyika pale Biharamulo, simu ile isingepigwa.

Wakati wa kuchapa, hakikisha kifungu na maswali yake vinaonekana kwa pamoja, kwenye ukurasa mmoja au kurasa mbili zinazotazamana. Kifungu kikiwa mbele na maswali nyuma ya karatasi hiyohiyo, mtoto atageuza karatasi mpaka ichanike.

NA WEWE MZAZI

Huhitaji kuwa mwalimu ili kusaidia. Mtoto akirudi na karatasi yake, mwombe akusomee kifungu, kisha maswali yake. Kama wewe husomi, yeye asome nawe usikilize. Jiulize mambo matatu. Je, kifungu kipo? Je, jibu la kila swali linapatikana ndani ya kifungu? Na pale alipokosa, je, unaona kwa nini amekosa?

Ukiona jambo haliingii akilini, nenda shuleni na karatasi mkononi, umuone mwalimu wa somo au mwalimu wa taaluma, mkae mpitie pamoja kwa utulivu. Mzazi wa Biharamulo alipokwenda na hesabu yake imeandikwa, mambo yaliisha kwa nusu saa. Waliofaidika hawakuwa mtoto wake peke yake. Kila mwanafunzi aliyeandika 800,000, kwenye shule zote zilizofanya mtihani ule, alirudishiwa alama yake.

Kama shuleni kwenu mnatunza maswali kwa njia nyingine inayofanya kazi vizuri, tuandikieni au tupigieni wakati wa kipindi. Tutaisoma hewani ili walimu wa Ngara na Biharamulo wajifunze kutoka kwenu. Na makala hii mtumie mwalimu unayemfahamu. Ni maandishi matupu, haitamla bando.